Maneno ya Hospitali Niliyoyafasiri Ruiru, na Moja Nililolichezea

Kwa Wairimu na Mumbua, mtakaokalia benchi langu kuanzia Jumamosi ijayo.

Nimestaafu. Msicheke. Nina miaka kumi na sita na mgongo wangu bado umenyooka, lakini Jumamosi zote na likizo zote za miaka mitatu katika zahanati ya Ruiru zinazeesha mtu kuliko mnavyodhani. Mwalimu mkuu ametangaza kwamba huu ni mwaka wa mtihani, na mwanafunzi wa darasa la nane atakayeonekana nje ya lango bila sababu atajua hajui. Basi kazi yangu ya ukalimani imeisha hivyo, bila sherehe na bila ile saa ya ukutani wanayopewa wazee wa reli. Mshahara sitautaja kwa sababu haukuwapo. Cheo nacho, nilianza nikiitwa "wewe" na nimemaliza nikiitwa "wewe".

Siku ya kwanza nilifika pale nikiwa mgonjwa wa uongo. Kulikuwa na jaribio la hesabu shuleni, na tumbo langu, ambalo lina akili, likaanza kuuma saa moja unusu kamili. Mama akanituma zahanati. Bwana Mutiso akanitia kipimajoto mdomoni, akakitazama, akanitazama, akasema kwa kile Kiswahili chake cha jeshini, "Wewe mzima kama ng'ombe ya maziwa. Lakini iko kazi. Kikuyu unajua? Kiingereza ya shule unajua? Kaa hapa. Uliza hii mama inaumwa wapi."

Nikauliza. Yule mama akanieleza maumivu yake tangu mwaka aliozaa kifungua mimba, nami nikayafasiri kwa maneno matatu: "Mgongo, Bwana Mutiso." Akanipiga kofi dogo la kisogoni. "Yeye amesema dakika tano, wewe unasema mgongo. Hiyo ingine umekula?" Lile ndilo lililokuwa somo langu la kwanza. Kama ningelishika siku ileile, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia huku mbele.

Mtamjua upesi. Bwana Mutiso ni Mkamba wa upande wa Machakos, alikuwa vitani Burma, na kazi yake ni dresa. Dresa si daktari, na hilo mlijue kabla hamjajua mengine. Dresa anafunga vidonda, anapiga sindano, anachanganya dawa ya maji ya kikohozi, na daktari mwenyewe anapita Alhamisi tu, kutoka Thika, kwa gari lake lenye vumbi. Wagonjwa wakimwita Bwana Mutiso "daktari" hawasahihishi. Hata wakimwita jenerali hatawasahihisha. Lakini ninyi mkikosea kumwambia mgonjwa ni nani amemwona na ni nani bado hajamwona, mgonjwa atakwenda nyumbani akisema, "Daktari amenitazama, akasema sina kitu," kumbe aliyemtazama ni mimi, na nilikuwa natazama shati lake.

Vyombo vyenu ni vichache. Kipimajoto, kinachokaa kwenye glasi ya spiriti, na mkikivunja jitafutieni ukoo mwingine. Kijiko cha kupimia. Daftari langu, nimewaachia, kurasa za nyuma zina picha za Bwana Mutiso akilala, zichaneni. Na chupa. Kila anayetaka dawa ya maji aje na chupa yake, na kazi yenu ya asubuhi ni kuzinusa. Nimenusa chupa za mafuta ya taa, za asali, za pombe ambayo haijulikani ilipikwa wapi na sisi hatukuuliza. Ikinuka chochote, iende ikaoshwe kwa maji ya moto. Bibi mmoja alikataa katakata chupa yake ya asali ioshwe. "Hiyo dawa yenu ni chungu," akasema, "mwacheni nyuki naye atie mkono."

Sasa maneno. Kufasiri kwenyewe hakutawasumbua. Kitakachowasumbua ni kwamba neno la hospitali limezaliwa hospitalini, na mgonjwa amezaliwa kwao, na hao wawili hawajawahi kukutana.

Chukueni hili: "Mara tatu kwa siku, baada ya chakula." Nani asiyelielewa? Nililisema kwa mzee mmoja mkata mkonge aliyekuwa na malaria, nikampa vidonge vyake vya kwinini, akashukuru. Siku ya tatu akarudi akitembea kama mtu aliye ndani ya meli. Masikio yalikuwa yanamlia, akasema, kama gari moshi la Thika linalopita bila kumaliza kupita.

"Umekunywaje dawa?" nikamuuliza.

"Kama ulivyosema, mwanangu. Mara tatu, baada ya chakula. Nakula jioni. Nikimaliza, nameza mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu."

Mkata mkonge anakula mara moja kwa siku. Bwana Mutiso akaniuliza nilimwambia nini, nikasema nilimwambia vile alivyosema yeye. Akafikiri. "Basi wajinga iko mbili," akasema. Tangu siku ile tunauliza kwanza, unakula mara ngapi? Halafu tunasema kidonge kimoja jua likitoka, kimoja likiwa utosini, kimoja likizama. Jua halina umaskini, linatoka kwa kila mtu.

"Kulazwa" nalo lina wenyewe. Wazee wetu hawakuwa na desturi ya mtu kufia ndani ya nyumba. Aliyekaribia kufa alitolewa nje, na mahali ambapo watu walifia palikimbiwa. Basi ukimwambia Mkikuyu wa makamo kwamba mkewe atalazwa katika nyumba ambamo watu hufa kila mwezi, ameshaanza kuhesabu nani atabaki na watoto. Msilitupe neno hilo peke yake. Lisemeni pamoja na siku ya kurudi: "Atalazwa siku nne, Jumanne mje mumchukue." Hata kama Jumanne ni ya kukisia, Bwana Mutiso ataikisia vizuri.

"Kuwekwa chini ya uangalizi" watu hulichukia kabisa. "Wananitazama tu," jamaa mmoja wa kiwanda alilalamika, "kama mimi ni sinema." Mwelezeni kwamba kutazamwa ni kazi, kwamba kuna ugonjwa unaojificha ukiona sindano. Na majibu ya vipimo yakitoka hayana kitu, mtakuta mtu amekasirika. Ametembea kutoka mashamba ya kahawa, ametolewa damu, sasa anaambiwa hakuna kitu! Anaona ameitwa mwongo. Mwambieni: hatukusema huumwi, tumesema mwizi hayuko katika nyumba hii, tunakwenda ya pili.

Hayo yote niliyajua vizuri mwaka wa pili. Hapo ndipo nilipojiona mkubwa, na mtu akijiona mkubwa ndipo anapovunja chupa.

Jumamosi moja daktari alikuwa ametuachia karatasi za idhini kutoka Thika, zile ambazo mgonjwa au mtu wake hutia sahihi au kidole gumba kabla ya kupasuliwa, ili tuzoee kuwaeleza watu mapema. Benchi lilikuwa limejaa akina mama. Mmoja akauliza, "Wewe msomi, hiyo inasema nini?"

Ningeweza kuisoma. Ilikuwa mistari sita. Lakini nilikuwa na watazamaji kumi na wawili, na mimi nikiwa na watazamaji ni kama mbuzi aliyeona kamba imekatika. Nikapanda juu ya benchi, nikakunja uso kama hakimu, nikasoma kwa sauti nzito: "Kuanzia leo mwili huu ni mali ya hospitali! Tukipenda figo tutachukua, tukipenda ini tutachukua, na mume asije kuuliza! Akiuliza, tunampasua na yeye!"

Walicheka mpaka mtoto mmoja akaamka akalia. Hata Bwana Mutiso, ambaye hakujua nimesema nini kwa Kikuyu, alitabasamu kwa kuona watu wamefurahi. Nikashuka nikiwa na kichwa kikubwa kama boga. Sikujua kwamba mzaha hutoka nyumbani kwake na kicheko, na kicheko huchoka njiani. Ulipofika vijijini ulikuwa umefika peke yake.

Wiki chache baadaye, likizo ya shule, asubuhi, akaja Gathogo, mchuma kahawa, akimsukuma mkewe Nyambura juu ya baiskeli ya kuazima. Nyambura alikuwa amejikunja kama jani la mgomba lililopita motoni. Bwana Mutiso akambonyeza tumbo upande wa kulia, chini, akaachilia ghafla. Nyambura akamtukana tusi ambalo sikulifasiri, na ambalo halikuhitaji kufasiriwa.

"Apendiksi," akasema Bwana Mutiso, na safari hii hakutania. "Kautumbo kadogo kamevimba. Kakipasuka ndani, mama imekwisha. Thika, sasa hivi." Akaandika barua ya rufaa. Nikamweleza Gathogo vizuri, hapo nilifanya kazi safi: rufaa si kufukuzwa, ni kupelekwa kwa mwenye kisu kikubwa zaidi. Akakubali mara moja. Mwenye duka la jirani akatuazima pikapu yake, na mimi nikatumwa niende nao, maana daktari wa Thika Kikuyu chake kilikuwa kimeishia kwenye salamu.

Kufika Thika hatukukawia. Daktari, Mzungu kijana mwenye masikio mekundu, akamtazama Nyambura, akasema lazima apasuliwe kabla ya adhuhuri. Karani akaleta karatasi na kibweta cha wino, akamwekea mume. Nyambura mwenyewe hakuulizwa. Ndiyo desturi yao, mume ndiye huweka kidole, na siku nikiwa daktari mimi nitakuwa na maneno kuhusu hilo.

Gathogo akaitazama karatasi. Akaingiza mikono yote miwili kwapani.

"Sitaki."

"Baba, ni ruhusa tu ya kumtibu," nikasema.

"Najua ni nini. Kidole hiki nimekiweka mara mbili. Mara ya kwanza nikapewa kipande, kile cheti cha Serikali cha kuonyesha polisi, nikakivaa shingoni kama kengele ya mbuzi. Mara ya pili, nyumba yetu ikavunjwa tukahamishwa. Lakini hizo sikuwa najua zinasema nini. Hii najua. Kuna msichana msomi pale Ruiru aliisomea akina mama. Inasema mwili unakuwa mali yao. Wanachukua figo na ini, na mume haruhusiwi kuuliza."

Wairimu, Mumbua, mimi nimewahi kuchapwa viboko sita mbele ya shule nzima na nikasalimia watu nikirudi kwenye mstari. Lakini pale nilivitamani vile viboko sita. Mtu alikuwa amelala pale kwenye kitanda cha magurudumu, anauma kona ya shuka, na kilichokuwa kati yake na kisu cha kumponya ni mimi, nimesimama juu ya benchi.

Nikasema, "Baba, yule msichana ni mimi. Nilikuwa nacheza. Haisemi hivyo hata kidogo."

Akanitazama kutoka miguuni hadi kwenye nywele. "Wewe?"

"Mimi."

"Juzi ulisema uongo."

"Ndiyo, baba."

"Kwa karatasi hii hii."

"Ndiyo."

"Sasa huo ukweli wa leo umeutoa wapi?"

Daktari akatazama saa yake, akaniuliza kwa Kiingereza kuna nini, nikamwambia bado tunazungumza.

Kutoka kitandani Nyambura akasema, "Gathogo. Weka kidole, au nije nikiweke mimi kwa meno."

"Wewe tulia, una homa."

"Homa ni yangu. Mbuzi wako unawapa watu bila hata karatasi, mimi ndiye unanifanyia kesi?"

Alilisema kwa hasira tu, lakini mimi nikalidaka hewani. Ninyi mnajua desturi ile, hata Ukambani, Mumbua, nadhani ipo: mtu mwenye mbuzi wengi hawaweki wote boma moja. Huwapa rafiki wa mbali awachunge, ili ugonjwa au wezi wakija wasiondoke na utajiri wote.

"Baba," nikasema, "una mbuzi kwa mtu?"

"Wanne. Kwa rafiki yangu kule Gatanga. Kwa nini?"

"Ulipompa, wakawa wake?"

"Wakawa wake? Wewe una wazimu? Ni wangu mpaka kesho."

"Anaweza kumchinja mmoja akakaa kimya?"

"Aniite kwanza. Nikubali."

"Basi hiyo ndiyo karatasi. Daktari anakuita. Anasema, mbuzi wako ana kitu kibaya tumboni, naomba ruhusa ya kukitoa, yeye abaki wako."

Nikaisoma yote, mstari kwa mstari, kidole changu kikienda chini ya maneno ingawa hasomi. Gathogo akasikiliza akiwa amefunga macho, vile wazee wanavyosikiliza kesi. Alipofungua akauliza swali ambalo mwenye mbuzi yeyote angeuliza.

"Mbuzi akifa kwa mchungaji, naletewa ngozi, ndipo najua hakumla. Hawa wakitoa kitu ndani ya mke wangu, ngozi iko wapi?"

Hapa ndipo yule mimi wa zamani alipokuja mbio. "Utaonyeshwa, baba!" ilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini nilikuwa sijamuuliza daktari. Nikaimeza, na ilikuwa kubwa kuliko kwinini. Nikamgeukia daktari, nikamwambia kila neno, mbuzi, Gatanga, ngozi na yote, kwa Kiingereza changu cha darasa la saba.

Daktari akasema hapana. Kilichotolewa hutupwa, hakionyeshwi watu.

Nikamgeukia Gathogo, nikamwambia hivyohivyo. "Amesema hapana. Hutupwa, hakionyeshwi."

Karani, asiyejua Kikuyu ila uso wa Gathogo aliuona, akanikazia macho kana kwamba nimetapika sakafuni. Gathogo naye akanitazama, lakini si kama mwanzo.

"Umeniambia jibu baya," akasema.

"Ndilo alilosema, baba."

"Mm." Akatoa mkono mmoja kwapani. "Basi mwambie hivi: mchungaji asiyeonyesha ngozi, amekula mbuzi. Mwambie vilevile, usimpake mafuta."

Nikamwambia vilevile. Masikio ya daktari yakawa mekundu zaidi, nikajua sasa tumefukuzwa. Akatazama saa. Akamtazama Nyambura. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani, akamwambia nesi aandae chupa ya spiriti.

"Amekubali," nikasema. "Ataiweka kwenye chupa, utaiona."

Gathogo akachovya kidole gumba kwenye wino kama mtu anayeonja uji wa moto, akakigandamiza. Nyambura akasukumwa ndani akiwa bado anamwambia mambo.

Ile apendiksi ilikuwa bado kidogo tu ipasuke. Hivyo alisema daktari alipotoka, na nilimfasiria Gathogo hivyohivyo, sikuongeza hata "sana".

Siku ya kumi niliitwa Thika tena, Nyambura alikuwa anaruhusiwa. Kuruhusiwa, na hili liandikeni kwa wino, si kupona. Ni kuambiwa kwamba sehemu iliyobaki ya kupona utaimalizia nyumbani, bila kubeba kuni wala mtungi mpaka wakwambie. Nilimwambia Gathogo sehemu ya kuni mara tatu, mara ya tatu kwa sauti.

Alikuwa amekuja na wazee wawili kama mashahidi, wamevaa makoti mazito na jua lote lile. Daktari akaleta chupa mwenyewe. Ndani kulikuwa na kitu kama funza aliyekufa ameshiba. Wazee wakaipokezana, wakaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mmoja akauliza kama hiyo si ya mbuzi kweli, nami nikafasiri na hilo pia, nifanye nini.

Gathogo akaishika muda mrefu. "Hii tu?"

"Hii tu, baba."

"Hii ndiyo ilitaka kuniachia watoto watano?" Akatikisa kichwa. "Mwambie daktari, mchungaji ni mwaminifu."

Karani alikuwa ameshatandaza karatasi ya kuondoka, na kwa mazoea akamsukumia Gathogo kibweta cha wino. Nyambura, ambaye alikuwa amekaa kwenye kiti, mkono juu ya kidonda, akanyanyuka polepole. Akaivuta karatasi upande wake, akakivuta na kibweta.

"Huyu aliingia humu?" akamuuliza karani. "Anayetoka ni nani?"

Karani akanitazama mimi. Nikafasiri. Daktari akasema sawa, aweke yeye.

Lakini hakuweka. Akanigeukia, akanisukumia karatasi mbele.

"Wewe wa juu ya benchi. Nisomee. Yote."

Nikamsomea.

"Tena."

Nikamsomea tena. Ndipo akachovya kidole.